Supu ya Mahindi ya Saa Nne

Ikifika saa nne kasorobo asubuhi, kazi yoyote iliyokuwa mikononi mwake Sumie aliiacha. Kama alikuwa akiosha vyombo, alifunga bomba. Kama alikuwa akikata figili za kuchachua, alilaza kisu juu ya kibao. Alizima redio, akasimama kando ya dirisha la jikoni, nyuma ya pazia, mahali ambapo aliiona barabara bila ya barabara kumwona yeye. Kisha akatega sikio juu.

Kwanza ulisikika mlango wa chumba ukisukumwa. Halafu ngazi, polepole. Halafu viatu. Mitsuru, mwanawe wa pekee, mwenye miaka ishirini na saba, alikuwa anatoka nje.

Hakwenda mbali. Alivuka barabara tu, hadi kwenye mashine ya vinywaji iliyosimama mbele ya duka la mchele la Bi Kuwabara, duka lililofungwa tangu mume wa Bi Kuwabara afariki. Alitia sarafu, akabonyeza kitufe, akainama kuchukua kopo la supu ya mahindi, ya moto. Aliinywa palepale, amesimama, kofia ya koti imemfunika hadi kwenye nyusi. Mwisho alilipiga kopo kitako kwa kiganja, punje zilizogoma ndani zimwangukie mdomoni. Akalitupa kwenye pipa, akarudi. Dakika sita, zikizidi sana saba. Katika dakika hizo Sumie alikuwa na mtoto. Saa zote zilizobaki alikuwa na mlango uliofungwa, na sinia aliyoiweka chini imejaa na kuja kuiokota tupu.

Ulikuwa mwaka wa sita. Mitsuru aliacha kazi mjini Sendai majira ya mvua, akarudi na begi moja, akapanda juu. Mwaka wa kwanza baba yake alifoka, wa pili akanyamaza. Siku hizi alikwenda kwenye kiwanda chake cha mbao alfajiri, akirudi aliuliza neno moja tu: "Leo ametoka?" Akiambiwa ametoka, alikula akashiba.

Safari hizi za kuvuka barabara zilianza vuli iliyopita, zenyewe, bila mtu kumsihi. Labda kwa sababu mashine haimuulizi mtu siku hizi uko wapi, umeoa, unafanya nini. Inapokea sarafu, inatoa kopo, inasema asante kwa sauti ya mwanamke mpole, basi. Sumie alikwenda peke yake kwa daktari wa mjini kumweleza, na daktari akamwambia: "Usimsemeshe akiwa nje, mama. Usimsukume. Anatoka kwa nguvu zake mwenyewe, mwache." Akamwacha. Akabaki kuchungulia.

Mtaani ilijulikana kwamba Mitsuru yuko Sendai, kazini. Sumie mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, mwaka ule wa kwanza, kwa haraka, alipoulizwa siku ya zamu ya usafi, na neno likishatoka halirudi. Bi Kuwabara, aliyemwona kijana kila siku akinywa supu mlangoni pake, naye aliuliza kila mwezi, "Mitsuru hajambo huko Sendai?" Sumie akajibu, "Hajambo, ana kazi nyingi." Ndio ujirani wao. Mtu akijifunika, unamsaidia kushika shuka.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Sumie alikuwa akisukuma theluji kwa koleo pale nje, Hatanaka alipokuja na gari lake kujaza mashine. Alikuwa mnene, mwenye maneno, mtaa mzima ulimjua kwa kicheko chake. Alimwita Bi Kuwabara, aliyekuwa akifagia mlangoni pake.

"Bi Kuwabara, muage mpangaji wako. Kampuni inamng'oa mwisho wa mwezi wa tatu."

"Kisa?"

"Wanunuzi hakuna. Mmebaki wazee, na wazee chai mnachemsha wenyewe."

"Hee, na mimi nilishamzoea. Ukimpa kitu anakushukuru. Marehemu miaka arobaini hakunishukuru hata siku moja."

"Basi marehemu alikuwa mashine ya kizamani."

"Mshenzi wewe!" Bi Kuwabara alimchapa na ufagio huku akicheka.

Sumie hakucheka. Koleo lilikuwa limezama kwenye theluji naye amelisahau.

Kesho yake alianza kununua. Alifikiri hivi: kama wanunuzi hakuna, basi wawepo. Alivuka mapema, kabla ya watu kuamka vizuri, akanunua kahawa, akanunua chai ya shayiri ya baridi ambayo hakuna mwenye akili angeinywa kwenye theluji ile. Supu ya mahindi ndiyo aliyoinunua zaidi, kwa kuwa ndiyo aliyoijua. Aliyaficha makopo chini ya sinki, nyuma ya ndoo.

Alhamisi, saa nne, Mitsuru alitia sarafu akabonyeza. Akabonyeza tena. Chini ya supu kilikuwa kimewaka kile kitaa chekundu kinachosema imekwisha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi aliyebainika. Akarudisha sarafu yake mfukoni, akaingia ndani. Hata dakika mbili hazikutimia.

Nyuma ya pazia, Sumie alikuwa na makopo tisa ya supu ileile miguuni pake.

Alipasha moto kopo moja, akaliweka kwenye sinia ya mchana. Lilirudi halijafunguliwa. Ijumaa Hatanaka alijaza mashine, lakini Mitsuru hakutoka. Jumamosi hakutoka. Jumapili hakutoka.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza.

"Sijui," alisema Sumie, na chakula kikapoa mbele yao wote wawili.

Jumatatu ngazi zilisikika tena. Tangu hapo hakugusa supu tena. Alinunua chai tu.

Wiki ya pili ya mwezi wa tatu Hatanaka alimpungia mkono.

"Mama Mitsuru! Njoo kidogo, nina fumbo. Nani hapa anakunywa chai ya baridi na theluji imefika magotini? Halafu supu yangu, kila siku kopo moja, saa ileile. Mashine inaniandikia yote. Kuna mtu anaitegemea hii?"

Sumie alitazama viatu vyake.

"Sikuulizi kwa umbeya," Hatanaka alisema, safari hii bila kicheko. "Nikijaza fomu kwamba kuna mgonjwa, au mtu asiyeweza kufika mbali, wakubwa huwa wanasikia. Ng'ambo ya mto niliandika kwa ajili ya bibi kipofu, wakaiacha. Ila nahitaji jina na nyumba. Watapiga simu kuhakikisha."

Bi Kuwabara aliacha kufagia. Aliinamisha macho, na Sumie alielewa kwamba mzee yule amefunga mdomo makusudi ili kumpisha. Lilihitajika jina moja. Alifungua kinywa.

"Ni mimi," alisema. "Ninaipenda supu. Ulafi tu."

"Mama, fomu haina mahali pa ulafi."

"Basi hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Msijisumbue kwa ajili yetu."

Ufagio ulianza tena, taratibu. "Mitsuru hajambo huko Sendai?"

"Hajambo. Ana kazi nyingi."

Namba ya kampuni ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mashine. Sumie aliinakili. Mara mbili alipiga, akakata kabla haijaita. Mara ya tatu binti mmoja akapokea, akauliza amsaidie nini. "Samahani," Sumie alisema, "nimekosea namba." Na akainama pale alipo, mbele ya simu, kama tunavyoinama tukiomba radhi.

Watu wa kampuni walikuja Jumatano ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Walifungua bolti nne tu. Sumie alikuwa ameandika karatasi ya kuweka kwenye sinia, kumweleza, akaichana, akaandika nyingine, akaichana. Saa nne kasoro dakika kumi gari liliondoka. Kilichobaki ni mraba mweupe kwenye saruji, na waya umefungwa kwa utepe.

Mitsuru alishuka. Alivuka barabara, sarafu mkononi, akasimama mbele ya ule mraba.

Sumie alitoka na ndara za ndani. Daktari alikataza, lakini angefanya nini?

"Mitsuru. Wameiondoa sasa hivi." Hakugeuka. "Kuna nyingine kwenye kivuko cha reli. Ina supu, nilikwenda kuangalia. Twende wote. Au nikufuate nyuma, hutaniona."

Mitsuru alielekeza uso kule kwenye reli. Barabara ilikuwa imenyooka, na kwa mbali mwanamke mmoja alikuwa anakuja na mbwa. Alitazama muda mrefu, hata Sumie akathubutu kupiga hatua moja.

"Mbali, mama."

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume mzima ambaye Sumie hakumjua. Alimpita kwa uangalifu asimguse, akaingia, akafunga mlango.

Dirisha la Bi Kuwabara lilifunguka. "Mama Mitsuru, nje na ndara? Utashikwa na baridi."

"Natazama theluji inavyoyeyuka."

"Mwaka huu imechelewa."

"Imechelewa kweli," Sumie alisema, na vidole vya miguu yake vilikuwa vimeanza kufa ganzi, lakini hakujua aende kusimama wapi.