Ofisi Yetu Imepewa Alama Nzuri, na Mimi Ndiye Ninayejua Siyo Kweli

Admini, nifiche jina kabisa, maana mji wetu wa Baraka, huku Kongo, ni mdogo na watu wanajuana. Nina miaka 61, ni baba wa watoto sita. Nafanya kazi ya serikali, katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na niliianza nikiwa bado na nywele kichwani. Nimechoka, ndugu zangu. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Ofisini kwetu kumbukumbu zote ziko katika vitabu vikubwa vilivyopangwa juu ya mbao ili mchwa wasivifikie. Orodha ya kuonyesha jina gani liko kitabu gani, hakuna. Orodha ni mimi. Mtu akija kutafuta jina la mtoto wake, simuulizi tarehe, wengi hawaikumbuki. Namuuliza: wakati wa vita mlikuwa mmekimbilia wapi? Mihogo ilikuwa imekomaa? Akishajibu nanyoosha mkono, natoa kitabu. Wenzangu huniita ordinateri, yaani kompyuta. Nakiri jina hilo lilinivimbisha kichwa. Miaka yote sikuandika orodha wala sikumfundisha mtu, kwa sababu nilipenda waone kwamba bila mimi ofisi haisimami.

Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja wa kijiji cha Lweba, muuza samaki. Nitamwita Mama Neema. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika shule ya wauguzi kule Uvira, akatakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa. Mama aliniambia, "Papa, ni we mwenyewe uliandika. Ile wakati tulirudia kutoka Kazimia, nilikuya na mutoto ku mugongo."

Nilitafuta siku tatu, na siku zote tatu alikuja kwa miguu. Nilipekua kitabu cha wakati ule ukurasa kwa ukurasa. Sikuona kitu. Siku ya tatu nikamwambia, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Mama, mutoto hayiko. Pengine mulisahau kumuandikisha." Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge chake. "Sawa, Papa. Kama we unasema hayiko, basi hayiko." Binti akakosa nafasi.

Baadaye wakaja wakaguzi wawili kutoka Bukavu. Wanazunguka ofisi za serikali kupima jinsi zinavyotunza kumbukumbu, na kuzipa kiwango, kuanzia cha kwanza kwa ofisi iliyo hoi hadi cha tano kwa iliyokamilika. Mkubwa wao, dada mpole mwenye miwani, alimuuliza shefu wetu, yaani mkuu wa ofisi, kama tunayo orodha ya majina. Shefu akajibu bila kupepesa kwamba ipo. Yule dada akasema tujaribu. Akamwita mama aliyekuwa kwenye foleni, akataka tumtafutie mtoto wake. Nikauliza maswali yangu mawili matatu, nikatoa kitabu, nikafungua, jina hilo hapo. Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu orodha. Tukaandikiwa kiwango cha nne, na mimi, mzee mzima, nilicheka kwa furaha.

Siku mbili baadaye nilikuwa natafuta jina la marehemu mmoja. Kitabu cha vifo kikaniponyoka. Nilipokiokota kilikuwa kimefunguka kwa nyuma, na huko nyuma niliona majina ya watoto. Ndipo nikakumbuka. Tuliporudi baada ya kukimbia vita hatukuwa na kitabu kipya hata kimoja, basi nikakipindua kile cha vifo nikaanza kuandika vizazi kuanzia mwisho. Ujanja huo ni wangu, na mwandiko ni wangu. Mstari wa tatu kutoka juu, Neema wa Lweba, na jina la mama yake pembeni.

Nilikaa sakafuni. Siyo kwamba nilisahau ukurasa, hilo lingeeleweka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kukipindua kitabu. Tangu siku hiyo najichunguza, na naona mengi yanapotea. Juzi nilimwita mjukuu wangu kwa jina la marehemu kaka yangu, mara mbili. Mke wangu anasema ni uchovu tu. Mimi naogopa.

Nilimfuata shefu, nikamweleza yote. Ofisi zilizopata kiwango cha chini ndizo zitakazoletewa makabati na watu wa kufundisha namna ya kupanga vitabu. Nikamwomba turudi kwa wakaguzi, waje tuandike orodha wakati mimi bado nakumbuka kidogo. Akasimama, akafunga mlango. "Papa, usituletee mambo. Unataka batuone kama batu ba nyuma? Unabakisha mwaka moya tu upumuzike. Weka signature, tumalize." Ripoti ya wakaguzi inatiwa sahihi Jumatatu, na jina langu lipo pale chini kama mtunza kumbukumbu. Nikisema ukweli, shefu ataaibika na mimi nitaondoka kazini kwa fedheha. Nikinyamaza, sijui ni akina Neema wangapi wamelala nyuma ya vitabu hivyo, na siku kichwa changu kitakapozima, hakuna atakayejua walipo.

Cheti cha Neema nimeshakiandika. Kinaweza kumsaidia mwaka ujao. Lakini kumpa mama yake ni kumwambia kwamba binti alikosa shule kwa sababu yangu, na kila nikijiandaa mdomo unakuwa mzito.

Jumapili hii Mama Neema alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Alikuwa na samaki wawili wamefungwa vizuri kwenye jani. "Papa, kamata. Ulisumbuka siku tatu juu ya mutoto yangu, na sikukushukuru. Mungu akubarikie." Nikapokea kwa mikono miwili. Cheti kilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa.

Nyumbani wamewala, mimi sikuweza. Nyinyi mnaosoma, hasa mlio na wazee wa umri wangu, nielekezeni. Jumatatu ni kesho. Niseme, au nitie sahihi? Na kwa yule mama, nianzie wapi?