Sifuri yangu ilikataa kutokea kwa pai, Naserian akinicheka

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mimi ni shosho, yaani bibi, wa Kitengela, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo naandika pole pole. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, ile mwanzo mwanzo.

Mwanangu Kamau alikuwa ameoa zamani, msichana wa Kimaasai, Kajiado. Wakapata msichana, na kwetu Wakikuyu wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Kwa hivyo ni Nyambura, kama mimi.

Jina ni langu, lakini kila likizo mtoto ni mbio kwa bibi yake mwingine, Naserian, kushona shanga. Kwangu ni salamu tu na chai. Iliniuma, wakuu.

Nyambura akiwa university anasomea hesabu, akatuita sisi wawili kwa Naserian. Anataka kushona ile shanga ya shingo ya duara, akifuata pai. Ati ukigawa mzunguko wa duara kwa upana wake, unapata hiyo pai, nambari haiishi. Kila tarakimu akaipatia rangi na bakuli yake. Tatu, nyekundu, akampea Naserian. Mimi? Sifuri, nyeusi.

"Sifuri? Kwani nilikukosea nini?"

"Shosho, zote hutokea karibu sawa."

Akaanza kusoma kwa karatasi, sisi tunatunga. Ya kwanza kabisa, tatu! Tukaenda. Tatu tena. Mahali pengine zikakuja nyekundu mbili zimeshikana. Nyeusi, hata moja.

(Naserian naye alinung'unika. Kwao rangi ziko na mpangilio, ati mtu akiona hii atasema mshonaji alikuwa amelewa.)

"Mama Kamau," akaniambia, "zako zimekwama kwa machimbo ya mawe huko Kitengela?"

Nikasimama, nikachukua leso yangu. "Nyambura, mmepanga hii na huyu bibi unamuita koko. Hata kwa hesabu umemchagua yeye!"

Mtoto hakucheka. Akanishika mkono. "Hakuna mtu alipanga, shosho. Keti kidogo tu."

Nikaketi na hasira yangu. Akasoma tano. Halafu: "Sifuri."

Niliitunga mwenyewe.

Sasa sikieni. Kutoka hapo, mbili, nane, nane, nne... tatu imepotea kabisa! Naserian akasema, "Hebu angalia hiyo karatasi vizuri, umeruka mahali." Haki nilicheka mpaka machozi.

Duara zikiongezeka, bakuli zote zikawa zinashuka karibu pamoja. Nyambura akasema watu wamehesabu mbali sana na computer na ni hivyo hivyo, lakini hakuna mtu amethibitisha itakuwa hivyo milele.

"Milele mimi sitakuwa," nikamwambia. "Niambie tu likizo hii unalala wapi."

Ni Naserian alijibu: "Hapa. Na wewe pia unalala hapa. Unafikiri hizo nyeusi zako nitatunga mimi?"

Nililala.

Funzo nililopata: usipime mapenzi ya mtoto kwa mstari wa kwanza, ngoja duara ipanuke. Wivu bado niko nao, sidanganyi, umepungua tu.

Wenye mnagawana mjukuu na bibi mwingine, hebu semeni hapa chini, nyinyi mnaishi aje?