Mwalimu Anayewinda Majibu Yenye Makosa

Saa moja kasoro robo asubuhi, theluji ya usiku bado imeziba ngazi za Shule ya Msingi Nukazawa, na Mwalimu Orie Kumagai anaipiga koleo huku akiinung'unikia. Akimaliza anakung'uta buti, anavaa raba zake za ndani na kuwasha jiko la mafuta ya taa katika chumba cha darasa la tano. Kisha anafungua kabati la chuma ambamo vishikwambi vya darasa zima vimelala vikichajiwa.

Anachukua cha kwake, anakaa karibu na jiko bila kuvua koti, na kuanza kazi ambayo walimu wenzake huicheka. Anatafuta swali la hesabu ambalo watoto wake watalikosa.

"Swali wanaloliweza wote halinisaidii," anasema, huku akifuta kwa kidole alichokwisha kuandika. "Nikiuliza na wote wakapata, nimefundisha nini hapo? Nimewapotezea watu kipindi chao."

Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameimalizia mbele ya ubao. Huingia shuleni kabla ya mtu yeyote na kutoka giza likiwa limeshika, na saa hizo za ziada hazilipwi. Alianza kazi kwa chaki na wino mwekundu, na vishikwambi vilipoletwa, kila mtoto na chake, hakuna aliyelalamika kumzidi.

"Nilisema watoto watasahau kushika penseli. Nilisema mengi," anakumbuka. "Wenzangu wananisimanga mpaka leo, hasa tukishapata bia moja mbili."

Kilichombadilisha ni ukimya. Kwa miaka yote aliyofundisha, akiuliza swali, darasa huinamia madawati. Anayejua jibu anainama, na asiyejua naye anainama. Kwa mtoto wa Nukazawa, afadhali kuumwa jino kuliko kunyosha mkono na kukosea mbele ya wenzako.

Kwa kishikwambi, kila mtoto anaandika chake, na majibu yanajipanga kwenye skrini kubwa ukutani, kila moja ndani ya kisanduku chake. Mwalimu Kumagai aliona ameukata mzizi wa fitina. Kwa mara ya kwanza angeona kilichomo ndani ya vichwa vyote kwa pamoja.

Haikwenda hivyo. Visanduku vilikuwa vinafunguka kadiri vinavyoingia, na wa kwanza siku zote alikuwa Tetta Obara, mtoto wa muuza tofu ya maharage ya soya, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Wengine walisubiri waone Tetta kaandika nini, ndipo waandike. Siku Tetta alipokosea, darasa zima lilikosea naye.

"Mpaka neno alilolirudia kwa bahati mbaya walilinakili," anasema mwalimu, na kucheka peke yake.

Basi akabadilisha utaratibu. Visanduku vikawa havifunguki mpaka jibu la mwisho liingie, na majina yakafichwa. Kisha akajiwekea desturi: jibu lenye kosa ndilo linalozungumzwa kwanza, na swali huwa moja tu, "Huyu alikuwa anafikiria nini?" Kufikia likizo ya kiangazi, watoto walikuwa wameanza kukosea, kila mtu kwa njia yake, na mwalimu akawa mwenye furaha.

Isipokuwa kwa kisanduku kimoja, ambacho kila siku kilikuja kitupu.

Kilikuwa cha Mizuho Shindo, na Mizuho hakuwa darasani. Mwaka uliotangulia, akiwa la nne, aliitwa ubaoni, akasimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyemcheka. Kesho yake tumbo lilimuuma, na kesho kutwa pia, na tangu hapo hakukanyaga tena shuleni.

"Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikampakia kwenye gari," anasema Mama Mizuho, anayefungasha uyoga kiwandani. "Tukifika getini anatetemeka mwili mzima. Utamshusha mtoto wa hivyo? Nikageuza gari."

Kila asubuhi, Mwalimu Kumagai alikisimamisha kishikwambi kimoja juu ya dawati la Mizuho, kikitazama ubao. Upande wa pili, chumbani kwake ghorofani, mtoto alifuata somo akiwa amezima kamera na maikrofoni. Ilipofika vuli, kisanduku chake kilianza kuja na neno moja, siku nyingine mawili.

"Watu walidhani nataka mahudhurio yangu yapendeze," anasema mwalimu. "Nilikuwa namtaka yule mtoto akae kwenye kile kiti, basi. Nilikiona kiti kitupu mpaka ndotoni."

Mambo yalikuwa hivyo mwezi wa Novemba ulipoleta somo la wazi. Ni desturi ya shule za huko: mmoja anafundisha, walimu wengine wanasimama nyuma na kalamu zao, na baada ya hapo wanaketi naye kumchambua kama samaki. Safari hii walikuja walimu wa wilaya nzima, maana walisikia kuna mama mtu mzima anayejua kutumia vishikwambi.

"Mwalimu Kumagai, usinitie aibu," mkuu wa shule, Mwalimu Hasunuma, alimwambia mlangoni.

"Alikuwa anatania," anasema Mwalimu Kumagai. "Lakini hakucheka."

Swali lilikuwa hili. Watoto wako kambini. Chumba cha kwanza sakafu yake imejaa mikeka kumi, na kina watoto sita. Cha pili kina mikeka minane na watoto wanne. Kipi kimebanana zaidi?

Mwalimu alikuwa amepiga hesabu zake: karibu nusu ya darasa watasema vyumba viko sawa, kwa sababu ukitoa watoto kwenye mikeka, kote inabaki minne. Somo zima alilijenga juu ya nusu hiyo.

Jibu la mwisho likaingia. Akafungua skrini. Visanduku, safu kwa safu, vikasema kitu kimoja: chumba cha kwanza kimebanana zaidi, kwa sababu humo kila mtoto anapata pungufu ya mikeka miwili. Maneno ni yaleyale, na mkato uko palepale.

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika na kuandika. Mwalimu Kumagai akaisoma skrini tena toka juu.

"Wao waliona darasa lenye akili," anasema. "Mimi niliona watoto wangu wamejificha wote, mpaka wa mwisho."

Siri ya jambo hilo ilijulikana baadaye. Mchana ule baada ya chakula, wakati wa usafi, watoto walipokuwa wamepiga magoti wakipangusa korido kwa matambara, jibu lilipita kutoka sikio hadi sikio. Swali lilikuwa ndilo linalofuata kitabuni, na Rinka Muto alikuwa amelitoa jibu lake kwenye kitabu cha zamani cha kaka yake.

"Tulimwona mwalimu hata chakula hakimpandi," anasema Rinka. "Tukasema tukikosea, wale wageni watamsema mwalimu wetu."

"Mimi niliwaambia kila mtu abadilishe maneno kidogo," anadakia Tetta. "Wavivu hawa."

"Wewe mwenyewe ulibadilisha?" Rinka anamuuliza.

"Mimi nilikuwa msambazaji. Msambazaji abadilishe nini?"

Lakini kuna mmoja ambaye hakuwepo kwenye korido, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Chini kabisa ya skrini, pembeni, kulikuwa na kisanduku kisichofanana na vingine: "Sawa. Kila mtoto achukue mkeka mmoja wa kulalia. Huku inabaki minne na kule minne. Nafasi ya kuchezea ni ileile."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo Mizuho alikuwa ameandika kwa mwaka mzima. Jina lilikuwa limefichwa, lakini kila mtoto mle ndani alijua la nani, kwa kuwa kila mmoja alijua yeye mwenyewe kaandika nini.

Mwalimu Kumagai anasema hapo ndipo alipoona ugumu wa kazi yake. Akilipita jibu lile kimyakimya, somo linaisha salama na anapongezwa. Akilitaja, anamwita tena ubaoni mtoto aliyekimbia ubao, tena mbele ya kundi la watu wazima wenye kalamu.

Akainamia kishikwambi chake na kumwandikia Mizuho ujumbe wa faragha: "Jibu lako linanifaa sana. Naweza kulizungumzia?"

Wageni wakaanza kukohoakohoa, na Mwalimu Hasunuma akaitazama saa ya ukutani kwa namna ambayo mtu huitazama ili aonekane.

Jibu likaja: "Limekosewa?"

"Ningeweza kumpaka mafuta," anasema Mwalimu Kumagai. "Ningemwambia, hapana, ni wazo tu la tofauti. Lakini mtoto akigundua kwamba umemdanganya mara moja, humpati tena."

Akaandika: "Ndiyo. Ndiyo maana nalihitaji."

Hakuna kilichorudi. Mwalimu anasema alikuwa ameshaanza kujilaumu, ameshanyosha mkono aligeukie swali la pili, aliposikia sauti ndogo ikitoka juu ya dawati lisilo na mtu.

"Mwalimu, nitasema mwenyewe."

Vichwa vyote viligeuka. Mizuho akaeleza mkeka wa kulalia na mikeka ya kuchezea, polepole, akijirudiarudia. Kisha Tetta akajikuna shingo.

"Hata mimi mwanzoni nilifikiri hivyohivyo," akasema.

Akakivuta kishikwambi chake na kufuta. Ukutani, mbele ya wageni wote, kisanduku kimoja kikabaki cheupe, halafu kikarudi kimeandikwa: "Sawa. Inabaki minne." Kikafuata kingine. Halafu vitatu kwa mpigo. Mwalimu Kumagai alisimama akiviangalia vikigeuka, na anakiri kwamba kwa muda huo alisahau kuwa anafundisha.

Rinka ndiye aliyelirudisha somo njiani. "Mizuho," aliliuliza lile dawati, "na kama watoto ni mia, na mikeka ni mia na minne? Nayo inabaki minne."

"Hapo hata kugeuka hugeuki," Mizuho akajibu.

Darasa likacheka, na kutoka kwenye kishikwambi mama yake Mizuho akasikika akicheka pia.

"Basi haiwi sawa," Mizuho akaendelea. "Subirini. Msiniambie. Ile minne inayobaki inagawanywa kwa watu wangapi? Wakiwa wengi kila mtu anapata kidogo. Subirini."

Wakasubiri. Walimu wa wilaya nzima walisubiri, kalamu zao zikiwa chini, mpaka Mizuho alipofika mwenyewe. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha zamani.

Kwenye kikao cha uchambuzi, mgeni mmoja alisimama na kusema kwamba somo halikufika kwenye muhtasari wa mwisho, na kwamba mwalimu ana tatizo la kutunza muda.

"Nilikubali," anasema Mwalimu Kumagai. "Alikuwa sahihi kabisa."

Mizuho hakurudi kesho yake, wala wiki ile. Alirudi siku moja ya Desemba, katikati ya chakula cha mchana, akasimama mlangoni na viatu vyake vya ndani mkononi kama mgeni asiyejua aviweke wapi. Hakuna aliyepiga makofi. Tetta, aliyekuwa kwenye zamu ya kugawa chakula, alivua aproni yake nyeupe na kumkabidhi.

"Shika. Umetuachia kugawa supu mwaka mzima."

Mwalimu Kumagai aligeukia dirishani kuangalia theluji, na ilikuwa bado haijaanza kuanguka.

Siku hizi Mizuho huja mara tatu kwa wiki, wiki nyingine mara nne. Siku asizokuja, kishikwambi kinasimama kwenye dawati lake. Mama yake anasema tumbo bado linauma Jumatatu, ila sasa mtoto hulizungumzia huku anavaa soksi.

Mwezi wa Aprili darasa linaingia la sita, na mwalimu ameshamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kupanda nalo. Mwalimu Hasunuma amemjibu kwamba watoto wenyewe walitangulia kuja kumwomba, wakiongozwa na Tetta, na kwamba hana nguvu za kubishana na Tetta. Baada ya mwaka huo, akiwa anakaribia kustaafu, wilaya inamtaka Mwalimu Kumagai azunguke shule nyingine kufundisha walimu kazi ya vishikwambi. Amekubali, ingawa anawaonya mapema.

"Hicho kifaa hakina ujanja wowote," anasema. "Kinachukua alichoandika mtoto na kukileta ukutani. Kama mtoto anaandika kile anachodhani unataka kukiona, kitakuletea hichohicho, haraka sana na kwa rangi nzuri."

Nje, watoto wa kwanza wanasikika wakikung'uta theluji viatuni. Mwalimu anavua koti hatimaye na kulitundika.

"Siku ile walidanganya kwa sababu wananipenda," anasema. "Hilo liliniuma kuliko kama wangedanganya kwa uvivu. Wakienda sekondari watakutana na watu ambao hawawajali hivyo, watu wa kuwakunjia uso. Mimi natamani wakosee mbele ya hao. Mizuho anyoshe mkono mbele ya mwalimu asiyemjua kabisa, akosee, aketi, halafu kesho yake aende tena shule."

Anaangalia mlango. "Mimi sitakuwepo kuona," anasema. "Ndilo ninaloomba, kwamba asinihitaji niwepo."