Mikono Mfukoni

Mume wangu ana mikono inayosema na mdomo uliolala. Ukimuuliza kitu usitegemee jibu; atakuonyesha. Chumvi iko kule. Mtoto amelala. Mgeni kaondoka na hasira zake. Yote hayo atakuambia kwa kiganja, na utaelewa. Kazini wanamwita Mikono, na jina hilo kalipata kihalali: miaka kumi na tisa amesimama chini ya kreni za ujenzi, akimwelekeza dereva aliye juu wapi ashushe mzigo. Kiganja chini, shusha. Kidole juu, pandisha. Ngumi, simama.

Ila siri ya kazi haikuwa kwenye ishara zenyewe, ilikuwa kwenye mwendo wake. Mkono ukishuka kwa kasi, mzigo unashuka kwa kasi. Mkono ukinyemelea, mzigo nao unanyemelea. Anayepokea mizigo huko chini ni rafiki yake wa siku nyingi, tunamwita Kipara, na miaka yote aliuamini mkono ule bila kuuliza swali.

Kisha jengo wanalojenga likarefuka. Upande wa nyuma dereva akawa hawezi kumwona mtu aliye chini, basi kampuni ikaleta redio za mkononi pamoja na amri moja: redioni ni Kiingereza tu, maana madereva wa kreni wanatoka nchi tatu na kila mmoja ana lugha yake. Nikamwambia mume wangu, "Si wajifunze tu neno 'polepole'? Neno lenyewe tamu." Akainua mabega. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Hawa walikuja, mwenyeji akaanza kuumwa.

Jumatatu akashika redio kwa mara ya kwanza. Kiingereza cha kuanzia alikuwa nacho: up, down, stop. Kipande cha ukuta wa zege kikawa kinaning'inia, Kipara amekishika ukingoni akikilenga mahali pake. Mume wangu akasema "Down", na mkono wake, kwa mazoea, ukashuka taratibu kama wa mtu anayelaza mtoto. Mkono huo hakuna aliyeuona. Dereva alisikia neno moja, akashusha. Kipara akachomoa mkono wake, glavu ikabaki chini ya zege.

Msimamizi wa ujenzi hakufoka. Alisema Ijumaa atamjaribu tena kwa mzigo kama ule, na akishindwa atahamishiwa stoo. Mume wangu akarudi nyumbani, akalibamiza geti letu la bati kama anavyolibamiza siku zote, akakaa bila kula. Nikamfariji kwamba hata stoo kuna mshahara.

"Stoo siijali, mke wangu," akasema. "Nilikaribia kumkata mwenzangu vidole."

Mkono wa kulia alikuwa kauficha kwapani, kana kwamba umeiba.

Sasa, mama yangu anaishi nasi. Alifundisha darasa la pili miaka thelathini na minne, na tangu astaafu hana wa kumsahihisha ila watangazaji wa habari. Kati yake na mume wangu palikuwa na heshima nzito kiasi kwamba miaka kumi na moja waliambiana shikamoo, marahaba na karibu chakula, basi. Jioni ile alikuwa jikoni akisikia yote. Akatoka akijifuta mikono.

"Baba, vitenzi unavyo," akamwambia. "Vielezi huna. Vilikuwa mikononi mwako."

"Ndiyo, mama," akajibu mume wangu, akiitazama sakafu.

"Simama. Tia mikono mfukoni."

Mama akajifunga kitambaa machoni, akachukua sinia lenye bilauri iliyojaa maji pomoni, akasimama mlangoni mwa jikoni. "Mimi ni kreni," akasema. "Nifikishe mezani."

Mume wangu akanitazama mimi. Kumwamrisha mama mkwe! Jasho likamtoka. "Mama, siwezi."

"Kreni haina mkwe. Sema."

"Forward," akanong'ona.

Mama, na miaka yake sabini na miwili, akatoka mbio. Akajigonga goti kwenye stuli, maji yakaruka mpaka kwenye kochi. Nikapiga ukelele, nikamkimbilia. Yeye alikuwa katulia tu, gauni limelowa chapachapa.

"Umeniambia niende," akamwambia mkwe wake. "Hukuniambia niende vipi."

Toka hapo, kila jioni kabla ya chakula, sebule yetu iligeuka uwanja wa ujenzi. Neno la kwanza lilikuwa slowly. La pili gently, na hapo akakwama, kwa sababu kwake yote mawili yalikuwa polepole. Mama hakumpa maelezo, alimpa yai. "Liweke mezani slowly." Akalishusha kwa muda mrefu kabisa, likagusa meza, ko! "Sasa liweke gently." Safari hii hata mimi sikusikia kitu. Akacheka peke yake, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni.

Akataka kujua kwa nini mengine yana mkia wa ly na mengine hayana. Alipojaribu kusema "fastly", mama alishika kifua. "Fast halina mkia, baba, usilibandike." Almost, yaani karibu, na again, yaani tena, nayo hayana. Lakini jambo alilolishikilia mama kuliko yote ni nafasi ya neno. "Vitabu vitakuambia 'Down slowly', na ni sawa kabisa. Wewe ukiwa kazini anza na slowly. Dereva aujue mwendo kabla mzigo haujaondoka. Kielezi kikichelewa kinakuwa rambirambi."

Immediately, yaani mara moja, ndilo lililomtesa. Ulimi ulikuwa unafika katikati, unapumzika, ndipo unaendelea na safari. "Mpaka ulimalize hilo, mtu keshazikwa," nikamwambia. Mama akamruhusu aseme now.

Alhamisi bilauri ilifika mezani bila tone kumwagika. Mama akafungua kitambaa, akayanywa maji yote, akasema "Hm", ambayo kwa mwalimu yule ni alama mia. Mikono ya mume wangu ilikuwa bado mfukoni, ila suruali ilikuwa inatikisika, maana huko ndani iliendelea kuelekeza.

Ijumaa mimi na mama tulichambua mchele uleule mara tatu. Niliogopa, sifichi. Mtu niliyeolewa naye angeweza kuvumilia stoo, lakini asingevumilia kuumiza mtu, na mtihani wenyewe ulikuwa na mtu ndani yake. Masikio yetu yalikuwa getini. Geti letu ndilo linalotangaza habari za nyumba hii: akirudi na furaha linalia, akirudi na hasira linalia zaidi. Saa kumi na moja ikapita, na nusu yake. Halafu mlango wa mbele ukasukumwa, na geti halikuwa limelia kabisa.

Mtu mwenye habari mbaya huingia kimya. Mama akanishika mkono. "Ameshindwa," nikamwambia.

Mume wangu akasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama," akasema, "geti umelisikia?"

"Sijalisikia."

"Nimelifunga gently."

Mama akainuka ghafla, ungo ukapinduka na mchele wote ukamwagika, yeye aliyekuwa siku nne akitetea tone la maji. Mimi nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Jumatatu. Nikacheka, machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Na mdomo uliolala ukaamka. Alisimulia palepale mlangoni, bila hata kuvua viatu. Upepo ulikizungusha kile kipande cha ukuta, akasema stop. Wakangoja kitulie. Slowly down. Stop. Slowly down, again. Almost, almost, almost. Gently. Zege likakaa mahali pake hata vumbi halikuruka. Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwambia aendelee na kazi.

"Na mikono?" mama akauliza.

"Mmoja kwenye redio, mama. Mwingine mfukoni."

"Na mwenzako?"

Hilo aliliuliza kwa sauti ndogo, na nikajua ndilo alilokuwa akilingoja. Mume wangu akasogea pembeni. Nyuma yake, kwenye ngazi, alikuwa amesimama Kipara, kofia ngumu kwapani, akiona haya kuingia na viatu vyake vichafu. Hakusema shikamoo. Aliiacha kofia ianguke, akainua mikono yote miwili mbele ya mama, vidole vimetanuka. Mama akamwendea, akaanza kuvihesabu kimoja kimoja kwa sauti, kama alivyokuwa akihesabu na watoto wa darasa la pili. Akafika kumi, akarudia tena toka mwanzo.