Maneno ya Kijivu

Dada wa fomu, katika ofisi moja mtaani Iftin, huandika yale maneno hafifu ya kijivu yanayokaa ndani ya kisanduku cha fomu kwenye simu kumwonyesha mfugaji cha kujaza. Huyaandika, huyasoma kwa mnong'ono, huyafuta, huku akisokota ncha ya mtandio mpaka ikaota nyuzi. Penye makazi ameweka: "Kisima mnachonyweshea mifugo." Penye jina: "Mfano: Yarrow Nuh Salah." Hata hivyo kila asubuhi hukuta fomu za msaada wa nyasi zimeachwa hapohapo penye jina. Amekosea wapi?

Leo mzee mmoja kutoka Bura, ng'ombe wake wakiwa hawasimami kwa njaa, amepewa simu ajaze mwenyewe. Ameitazama, akairudisha kwa mikono miwili.

"Hapa iko mtu tayari, adeer, binti yangu. Mimi nafuta yeye namna gani, na yeye pia iko na shida?"

Mtandio umemponyoka dada vidoleni. Ni wangapi wamempisha Yarrow, mtu ambaye hakuzaliwa? Amelifuta jina lile, akaandika: "Nafasi hii ni yako." Kisha, kabla ya kumrudishia simu, amemtazama mzee usoni, akiogopa kwamba hata hilo hataliamini.