Sufuria Mlangoni kwa Bi Zainabu

Sogea nikueleze, wewe ambaye maziwa unayajua ya pakiti tu. Zamani mtaa wa Majengo hapa Moshi uliletewa maziwa mlangoni, na walioleta tulikuwa sisi wanawake wa Kibosho. Tulikamua alfajiri, tukajaza vibuyu, tukateremka kwa miguu. Mteja aliacha sufuria safi juu ya ngazi ya mlango wake, imefunikwa kwa kisahani. Ukiikuta hivyo, unamimina kipimo chake na nyongeza kidogo. Ukiikuta imepinduliwa, leo hahitaji, unapita. Hakuna aliyeamshwa.

Kuna jambo moja zaidi ulielewe. Kwetu maziwa hayaonyeshwi njiani. Kibuyu kinazibwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kinafungwa kwa kamba ya mgomba, na hakifunguliwi mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Mama zetu walisema jicho la mpita njia hukausha ng'ombe. Uamini usiamini, ndivyo tulivyofanya kazi.

Asubuhi moja nilimkuta Salumu, mtoto wa mteja wangu Bi Zainabu, akiosha lori mbele ya nyumba yao. Mkewe alikuwa amefariki katika uzazi na kumwachia kichanga, na kichanga hicho kililelewa kwa maziwa yangu.

"Mama Aloisi," akaniambia, "mwambie huyo ng'ombe wako namposa. Ameshanilelea mtoto."

Nikamjibu kwamba mahari yake ni mzigo wa majani. Bi Zainabu alicheka ndani mpaka tukamsikia.

Haukupita muda, redio ikatangaza kwamba Kagera imevamiwa. Lori la Salumu lilichukuliwa kubeba askari, naye akaenda nalo. Kaka yangu Frumensi alikwenda na mgambo. Vijana waliokuwa wakitukatia majani huko chini tambarare waliondoka pia, ng'ombe wakabaki kula mashina ya migomba, maziwa yakapungua. Ya kopo yalitoweka madukani. Mimi na wifi yangu Filomena, mke wa Frumensi, tulibaki na ng'ombe mmoja wa kutegemewa. Sikushika bunduki, lakini nilijua kabisa kwamba yale maziwa yasipofika Majengo, mtoto wa Salumu hataishi.

Darajani wakawekwa mgambo kulinda. Mmoja wao hakuwa mtu wa huku. Aliona wanawake wawili, kabla jua halijatoka, na vibuyu vilivyofungwa.

Akatuambia tufungue.

Filomena akamweleza kwamba ni maziwa, na kwamba hayafunguliwi njiani.

Kwake hayo yalikuwa maneno ya mtu anayeficha kitu. Akakoki bunduki.

Akashusha singe kwenye kibuyu cha Filomena. Kikapasuka. Maziwa yakatiririka juu ya daraja, meupe, yakaingia katika nyufa. Yule kijana aliyatazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasogea kando. Tukapita.

Majengo tulifika na kibuyu kimoja. Habari zilikuwa zimetutangulia, kwa sababu muuza maandazi alikuwa nyuma yetu pale darajani, akakimbia kwa njia ya mkato. Nikaingia mtaani nikijiuliza nani nimpe, nani nimnyime.

Sufuria zote zilikuwa zimepinduliwa. Ngazi baada ya ngazi, nyumba za Waislamu na za Wakristo, hata kwa fundi cherehani aliyekuwa na watoto wengi kuliko sisi sote. Iliyosimama ilikuwa moja tu, ya Bi Zainabu. Nikamimina kibuyu chote.

Jioni wanaume wa kwetu walitushauri tupumzike mpaka vita viishe. Filomena alikuwa akibabua jani jipya. Alisema mume wake hakwenda kupigana ili yeye aogope daraja la nyumbani.

Kesho yake tulisimama mbele ya mgambo yule yule, vibuyu vimefungwa kama jana.

"Mimi nafungua mlangoni," Filomena akamwambia. "Kama kibuyu kinakutisha, twende wote."

Mkubwa wake akamwamuru atusindikize. Akatembea nyuma yetu mpaka Majengo, bunduki begani. Bi Zainabu alikuwa mlangoni, kichanga begani mwake.

"Ndiye huyu aliyemwaga chakula cha mjukuu wangu?"

Kijana akasema, "Shikamoo, mama."

Hakumwitikia upesi. Alimwacha aone kamba ikifunguliwa, jani likitolewa, maziwa yakimiminwa. Kisha akaitikia marahaba, akamwambia aweke bunduki chini amshike mtoto wakati yeye anachemsha. Akamshika. Tangu siku hiyo hakuna aliyetusimamisha darajani.

Vita tulishinda. Frumensi alirudi. Salumu hakurudi. Lori lake liliungua ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyetuletea hata shati lake.

Asubuhi baada ya habari hiyo nilifika nikitarajia kukuta sufuria imepinduliwa, maana nyumba ilikuwa na msiba. Ilikuwa imesimama, safi, imefunikwa. Bi Zainabu alitoka, macho yamevimba.

"Mimina, Mama Aloisi. Mtoto hajui habari za vita."

Nikamimina. Nyongeza siku hiyo ilimwagika kwenye ngazi.

Siwezi kukuambia kwamba ushindi ulifidia. Mtoto alikua bila baba, na Bi Zainabu alizeeka akisikiliza kila lori linalopunguza mwendo. Lakini mtoto aliishi. Sasa ana ndevu zenye mvi na anakaa nyumba ile ile, na huletewa maziwa na mkwe wangu kwa pikipiki. Wapo wanaosema maziwa ya mlangoni yamepitwa na wakati. Waache waseme.

Wewe, leo jioni, suuza sufuria yako kwa maji moto, ikaushe, ifunike kwa kisahani, uiweke mlangoni. Na ukisikia maziwa ni machache na jirani ana kichanga, pindua ya kwako.