Kigingi cha Reli Nyuma ya Jiko

Juzi, katika ofisi ya kata ya Heru Juu, mpimaji wa njia ya reli mpya aliweka mezani, mbele yangu, kigingi cha kuonyesha reli itakapopita.

"Mama, nimekikuta nyuma ya jiko lako!"

Mama huyo, mkulima wa maharage, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nilikisogeza tu, mwanangu. Ulikiweka mbali. Mvua ikinyesha lori halifiki, magunia yangu yanaoza."

"Treni itapita jikoni!"

"Ipite. Nitapakia huku napika."

"Treni haisimami kila mlango, mama. Husimama stesheni."

Mama akafikiri, akamrudishia kigingi kwa mikono miwili. "Basi chukua. Stesheni ndiyo uilete jikoni."

Chuoni tulifundishwa kwamba reli husogeza shamba karibu na soko. Mama yeye alianza na kusogeza reli karibu na shamba, kwa jembe.